Ulimi wa Kuazima

Kama hukunisoma kwenye ukurasa huu Jumamosi zilizopita, mimi ni Lorna, mama Lemein, mpishi wa Kitengela, na haya ninayoandika ni maungamo. Mwaka juzi homa ilinilaza siku tisa. Nilipoinuka, pua ilikuwa imekufa na ulimi umeifuata. Chumvi, sukari, maziwa yaliyochacha, yote kwangu yakawa kama kutafuna karatasi. Ni pilipili peke yake iliyobaki, na hata hiyo haikuwa na ladha. Ilichoma tu.

Sikumwambia mtu. Mpishi kusema hana ulimi ni kama dereva kusema haoni barabara.

Miezi miwili baadaye nikaitwa kupika harusi kule Ewuaso Kedong. Munyiva, msichana niliyekuwa nimemwajiri, alinivuta kando akaniambia nyama imebadilika. Niliinama nikanusa mbele yake. Sikusikia kitu. Badala ya kuamini pua yake, nikaamini kiburi changu.

"Wewe utanifunza nyama?" nilimwambia. "Mimi, mtoto wa Mmaasai?"

Tukapika. Kufikia jioni wageni walikuwa wanatapika kando ya hema. Kumi na mmoja walilazwa. Wazee waliponiuliza nini kimetokea, nilinyoosha kidole. Nikasema kazi ya kutunza nyama ilikuwa ya Munyiva. Aliondoka pale kwa miguu, watoto wakimzomea, na mimi nikasimama nikamtazama akienda.

Ndiyo dhambi yangu hiyo. Yaliyofuata ni mshahara wake.

Wanaonisoma wanajua jinsi nilivyoingia Chungu cha Jumamosi, yale mashindano ya runinga ambapo mshindi hapewi kikombe wala cheti, anapewa kipindi chenyewe akiendeshe mwaka mzima. Kila mshindani aliruhusiwa msaidizi mmoja. Wangu alikuwa Soipan, dada yangu mdogo, mtu pekee aliyeijua siri. Yeye ndiye aliyekuwa ulimi wangu. Akigusa sikio, chumvi haijatosha. Akikuna shingo, imezidi. Akikaza kitambaa cha kichwa, toa motoni.

Tulianza Kitengela tukiwa wapishi kumi na wanane. Tulifika fainali, Kajiado, tukiwa wawili: mimi na Ishmael, mpishi wa hoteli kutoka Embulbul.

Na hapo ndipo Mungu aliponishika shati.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa tangu saa nne asubuhi. Watu wa Kitengela walikuja na mabango yenye jina langu. Leshan, mume wangu, alikuwa kazini Namanga, lakini alinipigia akasema ofisi nzima ya mawakala wa forodha imewasha runinga.

"Leo wewe si mke wangu peke yangu," alisema. "Leo wewe ni wa county."

Nilicheka.

Elphas, msimamizi wa kipindi, alikuja na vipokea sauti vyake vikiwa shingoni. Ni mtu mwembamba, haachi kutabasamu hata akikupa habari mbaya.

"Sopa, Mama Lemein!" alinisalimia kwa Kimaasai.

"Epa. Tuko tayari?"

"Tuko. Lakini kuna kitu kidogo tumebadilisha."

Kitu kidogo. Nimejifunza kuogopa watu wanaosema kitu kidogo.

"Mtangazaji hachagui wageni wake," alisema kwa sauti ili Ishmael pia asikie. "Kila wiki atapika na mtu hajawahi kumwona. Kwa hivyo leo wasaidizi wenu watakaa na watazamaji. Tumewaletea wengine. Wapishi wa shule, wa hoteli, watu wa kazi."

Nilimwangalia Soipan. Hakuniangalia.

"Na hiyo ni sheria gani?" niliuliza. "Mbona hatukuambiwa?"

"Ndio unaambiwa sasa, mama. Kwani uko na shida?"

Ishmael alinitazama. Kamera ya pembeni ilinitazama.

"Sina shida," nikasema.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia watu wawili wamevaa aproni nyeupe. Wa kwanza alikuwa mwanamume mnene aliyekwenda moja kwa moja kwa Ishmael akamsalimia kwa mikono miwili.

Wa pili alikuwa Munyiva.

Alikuwa amekonda. Alikuja mpaka mbele ya meko yangu, akasimama kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba aliyowahi kuishi.

"Habari yako, Mama Lemein."

"Munyiva. Siku nyingi."

"Mwaka na miezi minne," alisema.

*

Nilimkuta Soipan kwenye ujia wa choo, akijifanya kufunga kiatu.

"Ulimwona?"

"Nimemwona, siz."

"Nani amemleta hapa?"

Alisimama. Dada yangu ni mtu wa maneno, wa kucheka, wa kunijibu kabla sijamaliza. Siku hiyo alinyamaza mpaka nikaogopa.

"Ni mimi," alisema. "Elphas alikuwa anauliza watu wapeane majina ya wapishi wazuri. Anapika shule moja huko Isinya. Nikapeana jina lake."

"Wewe una wazimu? Leo? Siku ya fainali?"

"Nimechoka, Lorna! Kila nikilamba kijiko chako naona sura yake. Wewe hulali? Mimi silali."

"Na mimi nitaonja na nini leo? Na magoti?"

"Muulize yeye," alisema. "Muulize akuonjee."

Nilitaka kumpiga kofi. Sijawahi kumpiga dada yangu tangu tukiwa watoto. Lakini kengele ililia, tukaitwa, na mtu akanibana kipaza sauti kidogo kwenye aproni, karibu na moyo.

*

Tulipewa saa moja na nusu, matangazo ya moja kwa moja. Kazi ilikuwa mlo wa mgeni: mpikie mtu aliyetoka mbali, kisha umkaribishe mbele ya kamera. Niliamua mbuzi wa mchuzi, mboga ya managu kwa maziwa na ugali.

Nyama ilikuwa kwenye friji, imefunikwa. Niliifunua nikasimama mbele yake kama mtu aliyekutana na nyoka aliyemuuma. Ilikuwa nyekundu, inang'aa. Hata ile ya harusi ilikuwa nyekundu.

Niliinama kidogo kwa Munyiva. "Iko sawa?"

Alinigeukia polepole.

"Sasa unaniuliza mimi?"

Alinusa, akaitupa ile nyama kwenye ubao. "Iko sawa," alisema. "Kata."

Tukaanza. Munyiva hakungoja kuagizwa. Alimenya, alichambua managu, alipanguza meza. Mikono yake ilijua kazi yake na ya mwenzake. Mimi nilipika kwa macho na masikio, jinsi nilivyojizoeza: kitunguu nakijua kwa rangi, mafuta nayajua kwa mlio, nyama naijua ikiachana na mfupa. Lakini chumvi haina rangi. Chumvi haina mlio.

Dakika ya thelathini mchuzi ulikuwa unatokota. Nilichota kijiko nikamwelekezea.

"Onja."

"Onja mwenyewe. Si wewe ndiye mpishi?"

Kamera ilikuwa inakuja upande wetu. Nikatia kijiko mdomoni, nikafunga macho kidogo kama wanavyofanya wapishi wa runinga, nikatabasamu.

"Mmm. Imekolea."

Watu wa Kitengela wakapiga makofi. Kamera ikaondoka. Munyiva hakuondoka. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, ananikagua uso.

"Hujaweka chumvi," alisema.

"Nini?"

"Tangu tuanze hujaweka chumvi. Nimekungoja uweke."

"Nilitaka kuweka mwisho."

Alinitazama. Kisha akachukua bakuli dogo, akanigeuzia mgongo, akafanya kitu mezani, akarudi na kijiko.

"Onja hii basi. Ni maji ya managu. Nimeogopa imekuwa chungu."

Niliweka mdomoni. Hakuna. Maji ya uvuguvugu. Nilifikiri haraka.

"Chungu kidogo tu," nikasema. "Maziwa yataituliza."

Mwiko ulimponyoka mkononi.

"Hiyo si managu," alisema. "Ni maji na vijiko vitatu vya chumvi. Mtu mwingine angetapika hapo hapo."

Moto ulikuwa unavuma. Kwa Ishmael watu walikuwa wanacheka jambo fulani.

"Tangu lini?" Munyiva aliuliza.

"Munyiva, tafadhali. Si hapa."

"Tangu lini, Mama Lemein?"

"Kabla ya harusi," nikasema. "Miezi miwili kabla."

Alishika ukingo wa meza. Nilidhani atapiga kelele. Aliongea chini, kama mtu anayejiambia.

"Kumbe hukuisikia ile nyama."

"Sikuisikia."

"Mimi nilidhani ni uchoyo. Mwaka mzima nasema, yule mama aliona nyama imeharibika akakataa kuitupa. Kumbe hukuisikia." Akaokota mwiko. "Lakini mdomo ulikuwa nao. Na ukasema ni mimi."

"Nilisema ni wewe."

"Mama yangu aliuliza kama ni kweli nililisha watu sumu. Mama yangu mzazi. Unajua hiyo?"

Sikujua. Nilichukua kisu nikakata nyanya ambazo hatukuzihitaji.

*

Tulipoingia mapumziko ya tangazo, Elphas alikuwa tayari amesimama kando yetu. Hakuwa anatabasamu. Alinyoosha kidole kwenye aproni yangu, kwenye kile kipaza sauti kidogo.

Nyinyi mnaosoma mmeshajua. Mimi nilikuwa nimesahau.

"Hamkuwa hewani," alisema upesi. "Sauti zenu zilikuwa zimezimwa kwa watazamaji. Lakini mimi nawasikia wote, saa zote. Ndiyo kazi yangu."

"Kwa hivyo nimetoka."

"Nani amesema umetoka?" Akasogea karibu. "Mama Lemein, watu wanakupenda. Tangu raundi ya kwanza wewe ndiye wanayemtazama. Ishmael anajua kupika lakini akiona kamera anakuwa kama gogo. Sasa sikiliza. Hii dada inajua kuonja. Nimeisikia. Mtaendelea hivyo hivyo. Ukiweka kijiko mdomoni, muangalie. Akitingisha kichwa kwa chini, ni tamu. Ukishinda, tunamchukua kazi, anakaa nyuma ya kamera. Ulimi wake, sura yako. Nani atajua?"

Sitawadanganya. Nilifurahi. Kwa kiasi cha pumzi mbili nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi tangu ile homa. Niliona kipindi, niliona jina langu, niliona Leshan akiwaambia watu wa Namanga, huyo ni mke wangu. Siku zote nilitaka kuonekana. Hata kabla sijajua kupika nilitaka kuonekana.

"Wewe unasemaje?" Elphas alimuuliza Munyiva.

"Mlishachukua jina langu," Munyiva alisema. "Sasa mnataka ulimi."

"Ni kazi nzuri, dada. Bora kuliko jiko la shule."

"Sijakataa kazi." Akanigeukia. "Amua wewe, Mama Lemein. Mimi nimezoea kuamuliwa."

"Sekunde kumi!" mtu alipiga kelele.

Elphas akaniminya bega, akaondoka.

*

Tulimaliza. Munyiva alitia chumvi mara mbili, akaonja, akaongeza maziwa kwenye managu, akazima moto kabla sijamwambia. Hakunidhulumu hata kwa chembe moja. Angeweza kuniharibia ile sufuria yote na nisijue. Nililifikiria hilo nikipakua, na ndilo lililonichoma, kwa sababu mimi mahali pake ningeliharibu.

Jaji mkuu alikuwa Madam Nyakio, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno, aliyefundisha upishi miaka thelathini. Alikula chakula changu kimya. Akala cha Ishmael kimya. Akafuta midomo.

"Kwa kupika, mmelingana," alisema. "Lakini hatutafuti mpishi. Tunatafuta mtu wa kukaa hapa kila Jumamosi, mgeni alete chungu chake, yeye aonje, na mama aliyekaa nyumbani Namanga au Ngong asikie ladha kwa maneno tu. Kwa hivyo mtaonja. Lorna, utaonja cha Ishmael. Ishmael, utaonja cha Lorna. Mtuambie."

Ishmael alitangulia. Alionja mbuzi wangu, akatoa jasho, akasema, "Ni tamu. Ni tamu sana. Iko... iko sawa." Watu wakamhurumia.

Elphas, nyuma ya kamera, alinikonyeza.

Nikaletewa sahani ya Ishmael. Maharagwe ya nazi na chapati. Munyiva alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, mahali ambapo Elphas alimwambia asimame. Nilichota. Niliweka mdomoni. Maharagwe yalikuwa laini, yakapasuka katikati ya ulimi na meno. Hicho tu ndicho nilichokijua.

Nikamwangalia.

Hakutingisha kichwa chini. Hakutingisha juu. Alinitazama tu, kama siku ile barabarani Ewuaso Kedong alipogeuka mara moja kunitazama, na mimi nikaangalia pembeni.

"Lorna?" alisema Madam Nyakio. "Tunangoja."

Nilimeza.

"Sijui," nikasema.

"Hujui nini?"

"Sijui ladha yake. Mimi sionji kitu, Madam. Sinusi kitu. Ni mwaka wa pili sasa." Sauti yangu ilitoka kwenye spika za ukumbi, ikanirudia kubwa kuliko mimi. "Raundi zote hizi dada yangu alikuwa ananionjea. Leo ni huyu. Anaitwa Munyiva. Nilipika harusi Ewuaso Kedong na nyama mbaya. Yeye aliniambia nyama ni mbaya. Watu walipougua, nilisema ni yeye. Nilidanganya. Alifukuzwa bila kosa. Kama kuna mtu wa Ewuaso ananitazama sasa, ni mimi. Haikuwa yeye. Ilikuwa mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Nisiwadanganye kwamba kulikuwa na wa kulia au wa kunikumbatia. Mwanamke mmoja mbele alikunja bango lenye jina langu, akaliweka chini ya kiti.

Ishmael aliinua mkono.

"Subiri," alisema. "Mimi nimeshindana na mtu hana ulimi, na bado alikuwa ananishinda?"

Ukumbi ukacheka, ule mcheko wa watu waliokuwa wameshika pumzi. Madam Nyakio hakucheka. Alikuwa anamwangalia Munyiva.

"Wewe. Ndiye uliyeonja hii mbuzi?"

"Ndiyo, Madam."

"Hebu onja hayo maharagwe."

Munyiva alipanguza mikono kwenye aproni. Alichukua kijiko kingine, safi. Alionja bila kufunga macho.

"Maharagwe yameiva vizuri," alisema. "Lakini kitunguu kiliingia mafuta hayajashika moto, kwa hivyo kilichemka, hakikukaangika. Utakisikia kwa nyuma, kama maji ya kunde. Dania iliwekwa mapema, ikafa. Nazi ndiyo imeokoa. Nazi ilikuja mwisho, moto mdogo, mtu hakuwa na haraka." Akafikiri. "Ukitoka shamba saa nane, na jua limekupiga, ukikaribishwa na hii utakula mpaka uone aibu kuomba ingine. Halafu utaomba."

Kisha Ishmael akakuna kichwa.

"Ni kweli. Kitunguu niliharakisha."

Na hapo ndipo ukumbi ulipopiga makofi. Si kwangu. Nilisimama katikati ya makofi ambayo hayakuwa yangu, nikayasikia kila moja.

*

Tangazo lingine. Dakika nne. Majaji walisimama kwa kikundi, Elphas akiruka huku na huku. Simu zake zote mbili zilikuwa zinalia.

Alikuja na karatasi na kalamu.

"Iko kanuni," alisema. Hakuniita Mama Lemein tena. "Mshindani akishindwa kuendelea kwa ajili ya ugonjwa, msaidizi anaweza kuchukua nafasi yake mpaka mwisho. Lakini ni mpaka mshindani mwenyewe aweke sahihi. Usipoweka, umetoka wewe na yeye, na Ishmael ameshinda saa hii. Majaji wanataka huyu dada. Dakika mbili."

Nilichukua kalamu.

Mnadhani baada ya kuungama moyo husafika ukawa kama sahani iliyosuguliwa. Hapana. Kuungama kulikuwa rahisi, kulinitoka kama kitu nilichokitapika. Hii karatasi ndiyo ilikuwa ngumu. Nilifanya kazi raundi sita. Niliamka alfajiri, nilijiunguza mikono. Mabango yalikuwa yangu. Sasa niandike kwa mkono wangu kwamba kiti ni chake? Kulikuwa na sauti ndani yangu, na ninaijua, ni ile ile ya Ewuaso Kedong, ikisema: mwache Ishmael ashinde. Angalau tutakosa sote.

Munyiva alikuwa amesimama kando. Hakuomba.

"Unakitaka?" nilimuuliza. "Hiki kiti."

"Nakitaka," alisema. "Sitajifanya sikitaki."

Nikaandika. Jina langu lote, na la baba yangu, na nambari ya kitambulisho. Nikakosea tarakimu moja, ikabidi niifute na kuandika juu yake.

"Ashe," alisema Munyiva, yaani asante kwa Kimaasai. Sikujua kwamba bado anakumbuka neno la kwetu nililomfundisha.

Walimvua kipaza sauti chake kidogo wakampa cha mkononi, kile cha watangazaji. Walimsimamisha mahali pangu. Mtu akamkunjia kola. Mimi nikasogezwa pembeni, nje ya mwanga, karibu na ndoo za maji machafu.

"Tatu. Mbili."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

"Munyiva," alisema Madam Nyakio, "tukaribishe."

Munyiva aliinua kile kipaza sauti. Aliangalia kamera. Halafu akakiteremsha.

"Madam, kabla nianze," alisema, "siwezi kukaa hapa uongo mmoja ukiwa umetoka na mwingine umebaki."

Elphas alianza kukata kwa mkono hewani. Madam Nyakio akamnyamazisha kwa kidole kimoja.

"Ile nyama ya harusi haikuharibikia jikoni," Munyiva alisema. "Ilifika ikiwa imeharibika. Ilishinda kwa buti ya gari siku nzima, kwa jua, kule Kitengela, gari imeegeshwa na mwenyewe amekaa na marafiki. Nilijua, kwa sababu ni mimi nilifungua hiyo buti. Huyo mtu alilia. Aliniomba nisiseme, akaniahidi jioni hiyo hiyo atamwambia Mama Lemein ukweli. Nikamwamini. Nikaficha. Nilisema tu nyama imebadilika, sikusema imetoka wapi. Kwa hivyo hata mimi nilikuwa na mdomo, na sikuutumia."

Nilimjua kabla hajatajwa.

Kwa sababu sikuwa nimeileta ile nyama mimi. Wala Munyiva. Siku ile nilikuwa nimemtuma mtu mmoja tu machinjioni, na nikampa funguo za gari langu kwa mkono wangu.

"Ni nani?" aliuliza Madam Nyakio.

Munyiva alinitazama mimi. Hakuwa na haja ya kumtaja.

Niligeuka kutazama viti vya watazamaji. Soipan alikuwa amesimama tayari, na hakuwa anaelekea mlangoni. Alikuwa anakuja kwetu.